Faru wa Ngorongoro na Kanuni za Kupumua

Mtu apandaye kutoka Karatu hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ulio mita 2,300 hivi juu ya usawa wa bahari, huanza kupumua kwa kasi zaidi bila kukusudia. Kazi hiyo huongozwa na shina la ubongo. Oksijeni ikipungua katika damu, au kaboni dioksaidi ikizidi, misuli ya kifua huamriwa kufanya kazi zaidi.

Mambo mawili huweza kuuvuruga utaratibu huo: hofu na dawa za kulevya neva. Yote mawili hukutana faru mweusi anapolazwa kwa dawa ili atibiwe au atiwe alama. Katikati ya miaka ya 1960 faru zaidi ya 100 walitambuliwa katika kreta hiyo. Baadaye ujangili uliwapunguza mno, hata kifo cha mmoja kikawa hasara kubwa.

Dawa itumiwayo sana ni etofini, ya jamii ya afyuni, ambayo nguvu yake ni zaidi ya mara 1,000 ya ile ya morfini. Faru akichomwa mshale wenye dawa hushtuka na kukimbia. Misuli yake hutumia oksijeni nyingi na kutoa kaboni dioksaidi kwa wingi. Baada ya dakika chache dawa humlegeza. Ubongo hauitikii tena kaboni dioksaidi ipasavyo, pumzi hupungua, na uzito wa mwili wake hukandamiza mapafu. Hivyo hewa hupungua wakati ule ule anapoihitaji zaidi. Kwa sababu hiyo madaktari wa wanyama humfunika macho, humziba masikio, huhesabu pumzi zake na kumpa oksijeni puani. Kazi ikiisha humdunga naltreksoni, ambayo huiondolea etofini nafasi yake katika ubongo.

Kanuni hizo humhusu binadamu pia. Mwenye hofu kuu hupumua upesi hata kaboni dioksaidi ikapungua mno katika damu. Huona kizunguzungu, vidole humfa ganzi, naye hudhani amekosa hewa ingawa oksijeni anayo. Aliyezidiwa na dawa za jamii ya afyuni, hasa akizichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, halalamiki. Husinzia tu, na pumzi zake huzidi kupungua hadi kukoma.

Basi ni hatari kumpa mtu anayehema vidonge vya usingizi bila ushauri wa daktari. Naye asiyeamshika, apumuaye polepole, apelekwe hospitali mara moja.