Haki ya Njia: Jirani Anapomzibia Jirani

Katika vijiji vya Kilwa, kama Mitole, njia nyingi zilianzishwa kwa miguu, si kwa ramani. Babu alipita kando ya mikorosho ya jirani kwenda kisimani, na wajukuu wakamfuata. Leo mwenye shamba la mbele akipiga ua, aliye nyuma hujikuta amefungiwa: mgonjwa hatoki, jeneza halipiti. Shabaha ya makala haya ni kueleza sheria inavyosema, na mahali anapopaswa kusimama mchungaji.

Kwanza, tupambanue aina za njia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 hutenga ardhi inayotumiwa na wote na ile ya watu binafsi. Njia iliyotengwa kuwa ya wote kwa idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji si mali ya mtu mmoja, hata ikipita mlangoni pake. Njia iliyo ndani ya shamba la mtu ni jambo jingine: hapo mpitaji hana budi kuonyesha haki yake ilitoka wapi, ama kwa mapatano, ama kwa desturi inayojulikana.

Pili, mahali pa kupeleka shauri. Baraza la Ardhi la Kijiji lina wajumbe saba, watatu wao wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha, wala halimlazimishi mtu kukubali. Kwa marekebisho ya mwaka 2021, Baraza la Kata nalo liliondolewa uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi, likabakiziwa usuluhishi. Likishindwa ndani ya siku 30, ndipo shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hivyo sheria yenyewe yataka majirani wazungumze kabla ya kuhukumiwa.

Mapatano yakipatikana, yaandikwe: upana wa njia, inaanzia na kuishia wapi, ni ya miguu tu au hata ya pikipiki na gari, na nani ataifyeka. Mashahidi watie sahihi. Neno la mdomo hufa pamoja na waliolisema.

Tatu, Neno la Mungu. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapoeleza amri ya tisa anaonya dhidi ya kujipatia mali ya jirani kwa kisingizio cha haki. Onyo hili lagusa pande zote mbili: mwenye hati anayemfungia mwenzake, na mpitaji anayepanua njia kidogo kidogo hadi iwe shamba. Mtu aweza kushinda shauri na bado akawa amevunja amri.

Aidha, majirani wengi wa pwani hii ni Waislamu. Mchungaji asiwe wakili wa msharika wake. Aketi pamoja na shehe na wazee, asikilize pande zote.

Katika Mwanzo 26, Isaka aliviacha visima viwili vilivyogombaniwa, akapata nafasi Rehobothi. Lakini tusimhubirie hivyo aliyefungiwa, maana yeye hana kisima kingine. Isaka ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko majirani zake. Wajibu wa kuachia nafasi humwangukia kwanza yule ambaye, baada ya kuachia, bado atabaki na mahali pa kupita.