Ndege Mvumaji Katika Ensaiklopedia: Jinsi Makala Inavyopaswa Kusahihishwa

Katika maktaba nyingi za shule za sekondari, ensaiklopedia ni kitabu kinachoheshimiwa kuliko vingine vyote. Mwanafunzi akipewa kazi ya kuandika juu ya kiumbe ambaye hajapata kumwona, huko ndiko aendako kwanza, na aghalabu huko ndiko anakoishia. Miongoni mwa viumbe hao yumo ndege mvumaji, aitwaye pia kolibri, ndege mdogo wa bara la Amerika ambaye mabawa yake hupiga kwa kasi hata yakatoa mvumo kama wa nyuki. Kwa kuwa habari zake ni za ajabu, zimenakiliwa kwa furaha kutoka kitabu kimoja hadi kingine, na kila aliyenakili amekuwa akiamini kwamba mwenzake aliyetangulia alihakikisha.

Je, mtu aliyepewa makala ya namna hiyo ili aipitie na kuitengeneza aanzie wapi? Wengi huanza na lugha: hurekebisha nukta, hufupisha sentensi, huongeza picha. Kazi hiyo ina manufaa yake, lakini si kazi yenyewe. Yampasa mhakiki aiulize kila sentensi maswali matatu: jambo hili lilijulikanaje? Lilipimwa kwa ndege wa aina gani? Na ndege huyo alikuwa katika hali gani alipopimwa? Sentensi isiyoweza kujibu maswali hayo haifai kuachwa kwa sababu tu imo katika vitabu kumi. Vitabu kumi vilivyonakili kutoka kitabu kimoja ni shahidi mmoja tu.

Mfano ulio bora kuliko yote ni ule wa ulimi. Ndege mvumaji hunywa mbochi, yaani maji matamu yaliyomo ndani ya maua, kwa ulimi mrefu ambao ncha yake imegawanyika pande mbili, na kila upande una mfereji mwembamba. Tangu mwaka 1833 ilielezwa kwamba mbochi hupanda katika mifereji hiyo kwa nguvu ya kapilari, ile ile inayofanya maji yapande katika mrija mwembamba wa kioo katika maabara ya fizikia. Maelezo hayo yalipendeza. Yalikuwa mepesi, yalipatana na umbo la ulimi, na yalimpa mwalimu wa fizikia mfano hai wa kuwapa wanafunzi wake. Vizazi kadhaa vya waandishi wa ensaiklopedia viliyarudia bila wasiwasi.

Hata hivyo, ndege mvumaji hulamba zaidi ya mara 10 kwa sekunde. Katika muda mfupi kiasi hicho, jicho la binadamu haliwezi kuona chochote, wala kamera za kawaida haziwezi. Mwaka 2011 watafiti Alejandro Rico-Guevara na Margaret Rubega wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, walitumia kamera za kasi kubwa na kuona jambo lisilokuwemo vitabuni. Ulimi unapoingia katika mbochi, ncha zake mbili hutengana, na vijinyuzi vilivyo pembeni mwa kila ncha hufunguka. Unapovutwa nje, vijinyuzi hivyo hujikunja na kuufumba mbochi ndani yake. Kwa hiyo ncha ya ulimi ni mtego unaonasa kimiminiko. Tena, tendo la kufunguka na kujikunja halihitaji nguvu ya misuli, kwani lilitokea hata katika ndimi za ndege waliokwisha kufa.

Mhakiki mwenye haraka angefuta neno kapilari papo hapo na kuandika neno mtego mahali pake. Afadhali angesubiri. Mwaka 2012 watafiti wengine walichapisha kazi iliyoitetea nguvu ya kapilari kwa hesabu na majaribio. Mwaka 2015 Rico-Guevara, Rubega na mwenzao Fan walijibu kwa picha za ndege wa porini wa spishi 18. Picha hizo zilionyesha kwamba ulimi hubanwa na mdomo unapotoka nje, ukawa bapa. Ukigusa mbochi, hupanuka ghafla na kujaa, kama sponji iliyokamuliwa ikaachiliwa majini. Hii ni namna ya pampu, nayo hujaza mifereji kwa kasi kuliko ambavyo kapilari ingeweza. Sentensi ya ensaiklopedia inayofaa leo ni ile inayoueleza ubishi huo kwa ufupi, ikitaja miaka, na kusema ushahidi umeelekea wapi. Sentensi hiyo itakuwa ndefu kidogo kuliko ile ya zamani, na hilo si dosari.

Jambo la pili ni kuelea hewani. Ndege mvumaji huweza kusimama angani mbele ya ua bila kutua, na hata kurudi kinyumenyume. Mwaka 1939 Wajerumani Stolpe na Zimmer walichapisha matokeo ya filamu za kasi zilizoonyesha kwamba mabawa yake hayapigi juu na chini kama ya njiwa, bali huenda mbele na nyuma, na ncha zake huchora umbo la tarakimu nane iliyolazwa. Kwa kuwa umbo hilo lafanana na mwendo wa mabawa ya wadudu, ikaaminika kwamba pigo la mbele na pigo la nyuma hubeba uzito sawasawa, nusu kwa nusu. Filamu ilionyesha mwendo wa bawa. Haikuonyesha hewa inafanya nini. Ilikuwa lazima hewa yenyewe ionekane. Mwaka 2005 Warrick, Tobalske na Powers waliwarusha ndege wavumaji katika ukungu wa matone madogo mno ya mafuta ya zeituni, wakaumulika ukungu huo kwa mwanga wa leza na kufuata mizunguko ya matone nyuma ya mabawa. Walikuta kwamba pigo la kwenda mbele hubeba kadiri ya asilimia 75 ya uzito, na la kurudi nyuma asilimia 25. Basi ndege mvumaji si mdudu mwenye manyoya. Ni ndege ambaye mifupa na misuli yake bado ni ya ndege, naye amekaribia mtindo wa wadudu kadiri umbile hilo linavyomruhusu.

Tarakimu huhitaji uangalifu wa namna nyingine. Makala nyingi husema kwamba moyo wa ndege mvumaji hupiga mara 1,260 kwa dakika. Tarakimu hiyo ni ya kweli; ilichapishwa na Robert Lasiewski mwaka 1964. Lakini ilipimwa kwa spishi moja, mvumaji mwenye koo la buluu, naye hakuwa katika mapumziko. Ikiandikwa bila maelezo hayo, hugeuka kuwa sifa ya spishi zaidi ya 350, mchana na usiku, jambo ambalo haliwezekani. Wengi wa ndege hawa, usiku ukiwa baridi au chakula kikiwa haba, huzizima: joto la mwili hushuka, moyo hupunguza mapigo, na ndege hukaa kama mfu hadi karibu na alfajiri. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba katika milima ya Andes nchini Peru, kwenye kimo cha meta 3,800 hivi, mvumaji mmoja mweusi wa spishi ya Metallura phoebe alipimwa akiwa na joto la mwili la sentigredi 3.3 tu. Ensaiklopedia inayotaja mapigo 1,260 bila kutaja kuzizima imesimulia nusu ya habari, na nusu iliyoachwa ndiyo inayoeleza jinsi kiumbe mwenye matumizi makubwa hivyo ya nishati anavyoweza kuuona mchana wa pili.

Yako pia mambo ambayo sayansi yenyewe iliyatilia shaka kisha ikayarejesha. Kila mwaka mvumaji mwenye koo jekundu husafiri kati ya Amerika ya Kaskazini na Amerika ya Kati, na wengi wao huvuka Ghuba ya Meksiko, kiasi cha kilometa 800 za maji matupu. Huko Amerika ya Kaskazini iko imani ya zamani kwamba ndege hawa hupanda migongoni mwa bata bukini. Imani hiyo haina msingi, kwa maana bata bukini hawasafiri majira hayo wala hawaendi huko. Lakini wataalamu nao waliona ugumu. Kwa kutumia vipimo vya oksijeni alivyochapisha O. P. Pearson mwaka 1950, ilionekana kwamba ndege huyu asingekuwa na akiba ya kutosha kwa safari hiyo. Mwaka 1962 Lasiewski alionyesha kwamba gharama ya kuruka ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa, na kwamba ndege hujaza mafuta mengi mwilini kabla ya kuondoka.

Hesabu yenyewe yaweza kufanywa na kidato chochote. Ndege aliyejiwekea gramu 2 za mafuta anazo kilokalori 18 hivi, kwa kuwa gramu moja ya mafuta hutoa takriban kilokalori 9. Akitumia kilokalori 0.7 kwa saa, atadumu angani saa 25 na zaidi. Na kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa pasipo upepo, atakwenda kilometa 1,000. Bahari imevukwa, na akiba kidogo imebaki. Mwalimu aweza kuwauliza wanafunzi itakuwaje upepo ukivuma usoni kwa kilometa 15 kwa saa. Jibu litawaonyesha kwa nini ndege wengine hawafiki ng'ambo.

Makala ya Kiswahili ina mtego wake wa pekee, nao umo katika jina. Afrika haina ndege mvumaji hata mmoja aishiye porini. Inao chozi, ndege wadogo wenye mdomo mrefu uliopinda, ambao madume wengi wana manyoya yanayong'aa, na ambao huonekana bustanini wakifyonza maua ya mihibiskasi. Mfasiri akitafuta neno la haraka huandika chozi mahali palipoandikwa mvumaji, na mwanafunzi wa Morogoro akisoma huamini kwamba yule chozi aliye dirishani kwake huvuka Ghuba ya Meksiko. Makundi haya mawili hayana udugu wa karibu. Chozi ni wa familia ya Nectariniidae, katika oda moja na shomoro na kunguru. Ndege mvumaji ni wa familia ya Trochilidae, na jamaa zake wa karibu ni teleka, wale ndege warukao mchana kutwa bila kutua. Wamefanana kwa sababu wote wamejizoeza kula katika ua, kila mmoja kwa njia yake na katika bara lake.

Hata hapo pana sentensi ya kusahihisha. Ni kweli kwamba ndege wavumaji wote walio hai wako Amerika, kuanzia Alaska hadi ncha ya kusini. Lakini mwaka 2004 Gerald Mayr alieleza visukuku vya mvumaji vilivyofukuliwa Frauenweiler, kusini mwa Ujerumani, vyenye umri wa zaidi ya miaka milioni 30. Jina alilompa, Eurotrochilus inexpectatus, lina maana ya mvumaji wa Ulaya asiyetarajiwa. Kusema kwamba familia hii haijapata kuishi nje ya Amerika ni kosa.

Na katika orodha ya spishi, mahali ambapo mtu angetarajia utulivu, mambo bado yanabadilika. Mdogo kuliko ndege wote duniani ni mvumaji wa Cuba, mwenye gramu 2 hivi, na hapo hakuna mabadiliko. Lakini mvumaji mkubwa wa Andes, Patagona gigas, mwenye gramu 20 na zaidi, alihesabiwa kuwa spishi moja hadi mwaka 2024, watafiti walipoonyesha kwamba ni wawili waliofanana kwa sura: mmoja huhamahama kila mwaka, mwingine hukaa milimani daima. Aliyeandika makala yake mwaka 2023 kwa uangalifu wote hana lawama, bali makala hiyo sasa yahitaji kalamu.

Imezoeleka pia kuandikwa, kwa kuwatofautisha, kwamba mvumaji hunywa akiwa hewani na chozi hunywa akiwa ametua. Kwa jumla ni sawa. Lakini mwaka 2009 Geerts na Pauw walichapisha habari kutoka Afrika Kusini juu ya mtumbaku wa porini uitwao Nicotiana glauca, mmea uliotoka Amerika ya Kusini ambao kwao huchavushwa na ndege wavumaji. Maua yake hayana kitawi cha kutulia. Chozi wa huko walikuwa wakielea hewani mbele ya maua hayo na kuyachavusha, kazi ambayo katika asili ya mmea huo ilikuwa ya ndege wa bara jingine. Darasa lenye mihibiskasi uwanjani na saa moja yenye mshale wa sekunde laweza kuanza uchunguzi huo kesho asubuhi: chozi ametua mara ngapi, ameelea mara ngapi, na kwa sekunde ngapi kila mara. Mmea na tarehe visikose kuandikwa.