Mawazo ya Usiku

Mtaa wetu katika jiji la Lubumbashi unaitwa Hewa Bora. Wageni wakilisikia jina hilo hukumbuka ndege za kampuni iliyoitwa vivyo hivyo, ambazo ziliruka katika anga ya Kongo hata mwaka 2011. Lakini sisi tunaokaa hapa hukumbuka kwanza vumbi la kiangazi, moshi wa mbabula wakati wa jioni, na baridi ya mwezi wa sita, ile inayowapeleka watoto shuleni mikono imekunjwa kifuani. Hewa ya nje huingia dirishani. Hewa iliyo ndani ya mtu haina dirisha, ila lile analolifungua mwenyewe.

Katika Kiswahili cha mji wetu, ukimwuliza mama mmoja sokoni habari zake, naye akiwa katika taabu, hatakuambia kwamba ana hofu wala huzuni. Atajibu tu, "Niko na mawazo." Neno hilo moja kwetu ni fikira, na pia ni mzigo. Naona wazee waliotuachia msemo huo walijua walichosema, maana mara nyingi jambo lenyewe limekwisha kupita mlangoni na kwenda zake, lakini mawazo juu ya jambo hilo yamebaki, yamepewa kiti na chakula.

Nitawaeleza habari yangu mwenyewe, ingawa si ya kujisifu.

Miaka kadhaa iliyopita dada yangu alifariki, akaacha mtoto wa kiume wa miaka tisa. Nilimleta nyumbani kwangu, kama ilivyo desturi yetu. Mwaka uleule mshahara wangu ulikawia miezi minne. Mtoto wetu wa mwisho aliugua malaria mara mbili. Mvua za kwanza zilikuja na upepo, zikang'oa mabati ya jikoni. Hayo yote ni mambo ya kawaida. Hakuna nyumba katika mtaa wetu isiyoyajua. Lakini siku moja mtu aliyekuja kutupa pole alimtazama mpwa wangu aliyekuwa akila bukari kimya karibu na mlango, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na haya yote yalianza lini?" Hakuongeza neno. Hakukuwa na haja.

Anayeishi Lubumbashi anajua swali hilo lina maana gani. Wako watoto wanaolala barabarani katika jiji letu, na si wote waliotoroka kwao. Wengine walifukuzwa na watu wa damu yao, wakisemwa kwamba ni wachawi. Na ukiwachunguza utaona kwamba shtaka halikuangukia watoto bila mpango: liliangukia yatima, mtoto wa mke wa kwanza, mwenye kifafa, anayekojoa kitandani, anayesema peke yake. Watawa wa Don Bosco huwapokea wengi wa namna hiyo katika nyumba iliyopewa jina la Bakanja. Sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto imekataza wazi kumsingizia mtoto uchawi, tena imeweka adhabu ya kifungo. Lakini sheria humshika mtu aliyekwisha kusema. Haiwezi kuingia kitandani katikati ya usiku, mahali ambapo shtaka linatungwa.

Basi, mimi nililitunga. Nilikuwa mwalimu, nilikuwa Mkristo tangu utoto, na mchana ningeweza kumfundisha mtu yeyote kwamba malaria huletwa na mbu. Lakini usiku, umeme ukiwa umekatika, mke wangu akiwa amelala, swali la yule mgeni lilirudi. Usiku wa kwanza lilirudi kama swali. Usiku wa tatu lilikuwa limekwisha kupata mashahidi. Nilikumbuka kwamba mtoto hakulia kwenye mazishi ya mama yake. Nilikumbuka kwamba alikula kidogo. Usiku wa tano nilimsikia akiamka, akafungua mlango wa nyuma polepole, akatoka nje gizani, akakaa huko muda mrefu. Usiku uliofuata alitoka tena. Sikuondoka kitandani kumtazama. Nililala macho wazi, moyo ukinipiga, nikijua sasa "ukweli". Asubuhi nilimwitikia salamu yake bila kumtazama usoni. Mtoto huona mambo hayo.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja aliyefanya kazi zamani katika migodi ya Kolwezi. Yeye na mkewe walikuwa katika Jamaa, na hapa yafaa niwaeleze vijana habari hiyo, maana naona inasahauliwa. Padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kongo mwaka 1933. Mwaka 1945 kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilipigwa chapa katika mji wetu huu, ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville. Tangu mwaka 1953 alikaa Kolwezi kati ya wafanyakazi wa Union Minière. Padri huyo alikiri kwamba miaka yake ya kwanza alikuja kama bwana mkubwa wa kufundisha na kuamuru. Ndipo akageuka, akaanza kuwauliza watu wenyewe wanatamani nini kuliko vyote. Wakamjibu: uzima, uzazi, na mapendo. Katika mazungumzo hayo na mabwana na mabibi wa makambi ilizaliwa Jamaa, ambayo watu wake waliitana Baba na Mama. Nao walipotaja kiini cha mafundisho yao walitumia neno lilelile la sokoni, yaani mawazo. Mume na mke walifundishwa kuleana mawazo, hata wawe na umoja wa moyo.

Padri Tempels alirudi Ubelgiji mwaka 1962, akafariki huko mwaka 1977. Baadaye vikundi vingine vilipotoka, na maaskofu walilazimika kuvikemea. Sitaki kuamua ugomvi huo hapa. Nasema tu kwamba mzee wangu alibaki na kitu kimoja chema kutoka huko. Aliponiona nimekonda, aliniketisha chini ya mwembe wake, akaniacha niseme mpaka nikafika kwenye mlango wa nyuma na giza. Hakushangaa, wala hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwalimu, mama wa nyumbani analijua wazo hili?"

Nikajibu, "Hapana, Baba."

"Basi umemlaza mgeni kitandani mwenu usiku wote huu, na mke wako hajaonyeshwa uso wake."

Mambo hayo si ya Katanga tu, wala si ya jana. Katika jangwa la Misri, katika Afrika hii yetu, aliishi Evagrius wa Ponto, aliyefariki mwaka 399. Alikuwa shemasi mwenye elimu na sifa katika mji wa Constantinople, kisha akaukimbia kwa sababu moyo wake ulikuwa umenaswa na mke wa mtu. Jangwani hakukuwa na mke wa mtu, wala soko, wala sifa. Hata hivyo aliona kwamba mawazo yalimfuata yote. Ndipo akayachunguza kama mganga achunguzavyo magonjwa, akayahesabu manane: ulafi, uasherati, choyo, huzuni, hasira, uchovu wa roho, majivuno na kiburi. Hesabu hiyo ilipelekwa Ulaya na Yohane Cassian, na Papa Gregori Mkuu aliipanga upya. Kutoka hapo imetokea ile mizizi saba ya dhambi ambayo watoto wa katekisimu huikariri. Baadhi ya mafundisho mengine ya Evagrius Kanisa liliyakataa katika karne ya 6, lakini shauri lake juu ya mawazo watawa hawakuliacha.

Shauri lenyewe ni hili. Wazo kuja halimo katika uwezo wetu. Wazo kukaa, hilo limo. Kwa hiyo mtawa hakuambiwa apigane ili kichwa chake kiwe kitupu, maana kazi hiyo haina mwisho, na mtu akiijaribu huchoka bure. Aliambiwa akae kama bawabu mlangoni, na kila wazo likija aliulize: wewe ni nani, umetoka wapi, u wa kwetu ama u wa adui? Wazo la kweli halichukii kuulizwa. Wazo la uwongo hutaka uamue upesi, tena usimwambie mtu.

Juu ya uchovu wa roho Evagrius alieleza mambo ambayo yamenichekesha, kwa sababu nimeyaona kwa macho. Asema kwamba wazo hilo huja wakati wa mchana, jua likiwa kama limesimama. Mtawa huchungulia dirishani mara kwa mara, hutoka nje kulipima jua, hutazama huku na huku kama kuna ndugu anayekuja kumzuru, kisha huanza kuichukia kazi yake, chumba chake, na watu wote wasiomjali. Mwenye kukaa bila kazi mbele ya ua wake, tangu asubuhi hata alasiri, akihesabu wapita njia, atasema Evagrius alipita Hewa Bora.

Jioni ile nilimwambia mke wangu. Nilitazamia kwamba atalia, au atanikasirikia. Alinyamaza kitambo, akaniambia, "Baba watoto, mimi pia." Naye alikuwa amemsikia mtoto akitoka usiku. Naye alikuwa amefunga wazo lake kwenye kitambaa kama fedha za siri. Wawili sisi, katika kitanda kimoja, tulikuwa tumemhukumu mtoto mmoja mara mbili.

Tulichukua daftari la shule na kalamu. Upande mmoja wa karatasi tuliandika yale ambayo macho na masikio yalikuwa yameshuhudia. Upande wa pili yale ambayo mioyo ilikuwa imeongeza. Upande wa kwanza ulikuwa mfupi mno: mtoto hula kidogo, hakulia mazishini, hutoka nje usiku. Upande wa pili ulijaza ukurasa. Nawaambieni wazazi, jambo hili ni dogo, mtoto wa darasa la tatu aweza kulifanya, lakini sikuwahi kuaibika mbele ya karatasi kama siku ile.

Usiku mlango wa nyuma ulipolia, niliamka nikamfuata. Ilikuwa baridi. Mtoto alikuwa amechutama karibu na beseni, akifua shuka yake kwa maji ambayo mimi mwenyewe nisingetia mikono. Alikuwa akikojoa kitandani tangu mama yake alipofariki, na kila usiku aliamka kuificha aibu yake kabla hatujaamka. Alikula kidogo ili asinywe maji mengi. Aliponiona hakukimbia. Alisema, "Mjomba, usinifukuze."

Wako watakaosema kwamba nafundisha watu kutulia tu, hata wakidhulumiwa. Sivyo. Mshahara uliokawia ulikuwa deni la kweli, nasi walimu tulikwenda kuudai kwa barua na kwa miguu. Mwenye Heri Isidore Bakanja, ambaye jina lake limepewa ile nyumba ya watoto, alipigwa viboko mwaka 1909 na msimamizi wake Mzungu kwa ajili ya imani yake na skapulari aliyoivaa. Alilala na vidonda vyake miezi mingi hata alipofariki tarehe 15 Agosti. Alisema wazi ni nani aliyempiga, tena aliahidi kumwombea. Vyote viwili vilikaa pamoja ndani ya mtu mmoja: hakuuficha uovu, wala hakuuacha umjaze.

Wala sisemi kwamba kila wazo laondoka kwa daftari na kalamu. Yako mawazo ambayo ni ugonjwa, kama homa ilivyo ugonjwa. Mtu asiyelala majuma mengi, anayesikia sauti, au anayetamani kufa, asipelekwe kwa wanaopiga kelele na kumfunga kamba. Katika Lubumbashi iko hospitali ya Mabruda wa Upendo inayoitwa Dr Joseph Guislain, kwa ajili ya magonjwa ya akili. Kwenda huko si aibu kuliko kwenda kutibiwa macho.

Mpwa wangu hakupona kwa siku moja. Tulimpa shuka ya pili na mpira wa kulalia, mke wangu akawa anamwamsha mara moja kabla ya usiku wa manane, na shuka zikaanikwa mchana kwenye kamba mbele ya watu wote. Baada ya miezi mitano hivi kamba ilikuwa tupu. Mazishini hakulia, lakini alilia jikoni kwetu, siku moja ya mvua, na mke wangu alimwacha alie hata akamaliza.

Yule mgeni alirudi mwaka uliofuata. Alimkuta mtoto akimsomea mdogo wake kitabu, akamtazama tena, akaniuliza kama bado sijapata kujua mambo yale yalianza lini.

Nilimwambia, "Mshahara ulianza kukawia mwezi wa tisa. Mabati yaling'oka mwezi wa kumi na moja." Kisha nikamkaribisha chakula.