Poutine: chakula cha Kanada kilichochekwa, leo kinagombaniwa

Mukongomani anayefika Montréal mara ya kwanza anaweza kushangaa: sahani ya frite za viazi, vipande vya fromaji mbichi, na supu nzito ya nyama iliyomwangwa juu. Hiyo ndiyo poutine.

Ilianzia vijijini Québec miaka ya 1950, sehemu ya wafugaji wa ngombe. Warwick na Drummondville zingali zinabishana ni wapi ilipikwa kwanza. Fromaji ikiwa ya siku ile ile, inalia chini ya meno; ikilala, inanyamaza. Supu iwe moto, ilainishe fromaji bila kuiyeyusha yote.

Kwa muda mrefu wageni, hata Wakanada wa majimbo mengine, waliicheka kuwa chakula cha maskini. Jina lenyewe, kwa lugha ya mtaani kule, ni sawa na kusema fujo. Leo iko hata katika restora za bei kali, na inaitwa chakula cha Kanada nzima. Watu wengine wa Québec hawafurahii: walichekwa juu yake, sasa wanaona inachukuliwa mikononi mwao.

Aliyewahi kuchekwa ugenini juu ya sombe anaelewa. Chakula cha mwenzako, onja kwanza, ndipo useme.