Jinsi Simu Zinavyolandanisha Data

Huenda umewahi kumsindikiza mama kliniki pamoja na mdogo wako. Muuguzi humpima mtoto uzito, humpa chanjo, kisha huandika katika kadi. Siku hizi, katika baadhi ya vituo vya afya, muuguzi huandika pia katika simu. Kadi ikilowa au ikipotea, habari za mtoto hubaki salama. Je, habari hizo hutunzwa wapi? Na muuguzi wa kituo kingine huzipataje? Hayo ndiyo tutakayojifunza katika somo hili.

Wingu lisilo na mvua

Habari zinazotunzwa na simu au kompyuta huitwa data. Data ya muuguzi hutunzwa mahali pawili: ndani ya simu yenyewe, na ndani ya kompyuta iliyo mbali iitwayo seva. Watu huziita seva hizo "wingu". Usidanganyike na jina hilo, kwani wingu hili haliko angani. Ni majengo yaliyojaa kompyuta zinazofanya kazi usiku na mchana, nazo hupozwa ili zisipate joto kupita kiasi.

Simu hupeleka data kwa mawimbi ya redio hadi kwenye mnara. Kama seva iko ng'ambo, data husafiri kwa nyaya za nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari. Mmojawapo ni waya wa SEACOM, uliofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009.

Mahali pasipo na mtandao

Muuguzi akienda kijiji kisicho na mtandao, je, ataacha kuandika? La. Programu iliyotengenezwa vizuri huandika kwanza katika kumbukumbu ya simu. Kila badiliko huwekwa katika foleni, kama ndoo zinavyopangwa kisimani. Mtandao ukipatikana, simu hupeleka mabadiliko hayo, nayo seva hujibu kwamba imeyapokea. Jibu lisipofika, simu hupeleka tena.

Hapa pana hatari. Huenda seva ilikwisha pokea badiliko, ila jibu lilipotea njiani. Likipelekwa tena, chanjo moja itahesabiwa mara mbili! Kwa sababu hiyo kila badiliko hupewa namba yake ya pekee. Seva ikiiona namba ile ile tena, hailihesabu badiliko hilo mara ya pili.

Kisha simu huiuliza seva kuna jambo gani jipya tangu walipowasiliana mara ya mwisho. Seva huleta mabadiliko mapya tu, si data yote. Kwa njia hii muda na fedha huokolewa. Kazi hii ya kupeleka na kupokea, mpaka data ya vyombo vyote ilingane, huitwa ulandanishi.

Jaribio: Kulandanisha madaftari

Vifaa: madaftari matatu, kalamu, vipande viwili vya karatasi.

1. Chagueni wanafunzi watatu. A na B wawe simu, C awe seva. Kila mmoja aandike katika daftari lake: "Matone ya polio: mara 2. Uzito: kilo 5."

2. A na B watengane, wasionane. A abadili matone yawe mara 3. B abadili uzito uwe kilo 6.

3. A ampelekee C daftari lake. C afute yake na kunakili yote ya A. Kisha B naye apeleke lake, na C afanye vivyo hivyo.

Mnaona nini katika daftari la C? Uzito ni kilo 6, lakini matone yamerudi kuwa mara 2. Mtoto alipata chanjo ya tatu, lakini habari yake imefutika, wala hakuna aliyekusudia kuifuta.

4. Rudieni jaribio tangu mwanzo. Safari hii A na B waandike katika kipande cha karatasi lile badiliko tu walilofanya, kisha wampe C. Sasa matone ni mara 3 na uzito ni kilo 6. Hakuna kilichopotea.

Mgongano

Tuseme A na B wote wamebadili uzito: mmoja ameandika kilo 6, mwingine kilo 7. Huu huitwa mgongano. Baadhi ya programu hulichukua badiliko lililofanyika mwisho. Lakini saa ya simu moja huweza kuwa mbele ya saa ya simu nyingine. Mwaka 1978, Leslie Lamport wa Marekani alionyesha njia ya kupanga matukio ya kompyuta nyingi kwa kuyahesabu, bila kutegemea saa za kawaida. Hata hivyo, namba peke yake haiwezi kusema ni uzito upi ulio wa kweli. Katika mambo ya afya ni afadhali programu itunze habari zote mbili na kumwuliza mtu. Ikiwezekana, mtoto apimwe tena.

Kumbuka

Data iliyo katika foleni haijafika kwenye seva. Simu ikitumbukia mtoni kabla ya ulandanishi, data hiyo hupotea. Kwa hiyo mfanyakazi mwangalifu hutafuta mtandao mapema, na hahesabu kazi yake kuwa imekwisha mpaka seva ijibu.

Maswali

1. Kwa nini kila badiliko hupewa namba yake ya pekee?
2. Katika jaribio, kwa nini habari ya chanjo ya tatu ilifutika?
3. Taja hatari mbili zinazoweza kuipata data kabla haijafika kwenye seva.
4. Simu mbili zina tarehe tofauti za kuzaliwa kwa mtoto mmoja. Ungefanya nini ili kupata iliyo sahihi?