Sura ya Sita: Proksi, au Nani Anakwenda kwa Niaba Yako

Mwenye duka wa Koboko, Uganda, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, akimtuma kijana wa boda boda kuchukua mzigo Arua, muuzaji wa jumla humwona kijana tu. Pesa anaipokea kwake, risiti anampa yeye, wala hana haja ya kumjua aliyemtuma. Proksi ni kompyuta inayofanya kazi hiyo kwenye intaneti. Simu yako haiendi kwenye tovuti moja kwa moja, inaiambia proksi, "Niletee ukurasa huu." Proksi inauomba kwa anwani yake ya IP, inaupokea, kisha inakupa wewe. Tovuti huona anwani ya proksi. Kampuni yako ya simu huona kwamba umezungumza na proksi.

Mwanzoni nia haikuwa kujificha. Proksi za wavuti zilizotengenezwa mwaka 1994 kwenye maabara ya CERN kule Uswisi zilikusudiwa kuwatoa nje watu waliokuwa nyuma ya kuta za ulinzi za mitandao ya ofisi zao, na kuhifadhi nakala za kurasa ili zisivutwe mara mbili. Faida hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito kwetu. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka 2009, intaneti ya Afrika Mashariki ilitegemea zaidi setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya dunia, na kila ombi lilipanda na kushuka umbali huo kwa bei kali. Kwenye kafe au ofisi yenye ungo mmoja wa setilaiti, programu ya bure iitwayo Squid iliweza kupunguza mzigo huo. Unaandika kwenye kivinjari anwani ya proksi na namba ya mlango, kwa kawaida 3128, basi. Msimamizi akifungua daftari la Squid huona mstari kwa kila ombi: saa, kompyuta iliyoomba, ukurasa wenyewe, na neno TCP_MISS kama ilibidi kwenda nje, au TCP_HIT kama nakala ilikuwa tayari ndani. Mtu wa kwanza asubuhi alisubiri. Wa pili alipata gazeti lile lile papo hapo.

Lakini tazama daftari hilo tena. Lina kila ukurasa uliofunguliwa, na nani aliufungua.

Watu wa mpakani walishazoea kuonekana kama wako kwingine kabla ya simu janja. Sudan Kusini ilipokuwa bado haijapata uhuru, kampuni ya Gemtel ilitumia huko namba zilizoanza na +256, msimbo wa Uganda. Aliyepiga kutoka upande wa pili wa mpaka alionekana duniani kama yuko Uganda. Msimbo wa +211 ulikuja baada ya uhuru wa Julai 2011.

Wengi wetu tulijifunza VPN, ndugu wa proksi anayebeba mawasiliano yote ya simu na kuyafunga kwa siri njiani, tarehe 18 Februari 2016. Siku hiyo ya uchaguzi WhatsApp, Facebook na Twitter zilizimwa nchini Uganda. Tarehe 1 Julai 2018 ikaja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao hiyo. Kwa mwenye mshahara wa Kampala ni kitu kidogo. Kwa muuza nyanya wa Arua ni sehemu ya faida ya siku, na naiona kodi hiyo haikuwa ya haki. VPN iliikwepa kwa sababu rahisi: kampuni ya simu ilitoza kwa kutambua unakokwenda, na sasa iliona unakwenda kwenye seva moja tu, labda Uholanzi. Kodi iliondolewa katikati ya 2021, ikawekwa asilimia 12 juu ya bando lenyewe. Hapo VPN haisaidii kitu, maana unatozwa kwa data yoyote, iende popote.

Januari 2021 ilionyesha ukomo mwingine. Facebook ilipofungwa, VPN iliifungua. Jioni ya tarehe 13 intaneti yote ilipokatwa, hadi tarehe 18, VPN nazo zilikufa, kwa kuwa proksi haitengenezi barabara, inapita iliyopo. Oraba, mpakani karibu na Kaya ya Sudan Kusini, hali ni tofauti kidogo: mawimbi ya mnara hayasimami mpakani, na laini ya Sudan Kusini huingia kwenye intaneti kwa njia ya Sudan Kusini.

Swali ninalotaka msomaji aliulize ni nani mwenye seva. Kuendesha seva kunagharimu umeme, mashine na data. Anayekupa bure analipwa na mtu mwingine, na mara nyingi bidhaa ni orodha ya tovuti ulizotembelea. Kufuli la HTTPS kwenye kivinjari hukulinda kiasi: mwenye proksi hujua umeingia tovuti ya benki, lakini haoni ulichoandika humo. Isipokuwa programu yake ikikutaka usakinishe cheti chake kwenye simu. Kataa hapo hapo, kwa sababu kwa cheti hicho anaweza kujifanya ndiye benki, akasoma nywila yako kisha akaipeleka mbele bila wewe kuona tofauti yoyote.