"Tentative": Neno Dogo Linaloweza Kuleta Deni



Katika barua nyingi tunazopokea kutoka kwa wafadhili huwamo neno la Kiingereza "tentative", kwa mfano "tentative budget" au "tentative date". Ni neno dogo, lakini lisipoeleweka linaleta hasara.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliifasiri barua ya mfadhili kwa ajili ya kamati ya usharika mmoja. Palipoandikwa "tentative budget" nikaandika "bajeti iliyopangwa". Jumapili iliyofuata ikatangazwa kanisani kuwa fedha za tangi la maji zimepatikana. Kamati ikachukua saruji kwa mkopo, vijana wakasomba mawe. Uamuzi wa mwisho ulipofika, kiasi kilikuwa kimepungua kwa nusu. Deni la dukani lililipwa kwa michango ya waumini, wengine wakiuza kuku. Mfadhili hakutudanganya. Barua ilisema wazi, ila mimi sikuifasiri vema.

Neno hili limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kujaribu au kupapasa. Mfikirieni mtu anayevuka mto asioujua kina chake: hutanguliza fimbo kabla ya mguu. Hivyo basi, jambo lililo "tentative" limependekezwa kwa nia njema, lakini halijathibitishwa na linaweza kubadilika. Likisemwa juu ya mtu au tendo lake, humaanisha kusitasita, kama mgeni anayebisha hodi kwa sauti ya chini.

Tusilichanganye na maneno mengine mawili. "Temporary" ni kitu cha muda: kimekwisha kuamuliwa, ila kina mwisho wake. "Doubtful" ni jambo lenye mashaka. Mfadhili anayeandika "tentative" hasemi kwamba ana mashaka nanyi. Anasema hatua zake hazijakamilika.

Mfano mzuri ni wa UNESCO. Kila nchi huandaa "Tentative List", yaani orodha ya awali ya maeneo inayokusudia kuyapendekeza yawe Urithi wa Dunia. Mwaka 2006 michoro ya miambani ya Kondoa ilikubaliwa rasmi kuwa Urithi wa Dunia. Mwaka huohuo, njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu ya Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya awali. Kuwamo katika orodha hiyo ni sharti la kupendekezwa, siyo kukubaliwa.

Kwa kamati zetu: mkikutana na neno hili, andikeni "ya awali, haijathibitishwa". Kisha ulizeni: nani atathibitisha, na lini? Wakati mnasubiri, kusanyeni mawe na mchanga, lakini msikope.

Kwa wafadhili wetu: tunawaomba, mnapolitumia neno hili, mtaje hatua iliyobaki na tarehe ya kutarajia jibu.

Likifika neno "confirmed", ndipo tutangaze kanisani.